Gari za kabla ya vita, Unguja na Pemba: uliiona wapi, uliijuaje, iliishia wapi? Tupeane uzoefu

Mkunazini Asilia
Assalaam aleikum wanajamvi. Juzi huku Bububu nimemkuta kuku kaatamia ndani ya taa ya gari. Taa kubwa ya duara, ya kusimama peke yake, kioo hakipo, pembeni imeota kutu lakini ukiikwangua kwa ukucha nikeli inang'aa. Namuuliza mwenye nyumba gari yenyewe iko wapi, ananijibu "ilikuwa ya babu, vijana wameshaila". Wenye kumbukumbu za gari hizi za kabla ya vita tupeane. Na mnazijuaje? Maana mtaani kwetu kila gari kuukuu utaambiwa ilikuwa ya Mfalme.

YakheOle
Vita gani yakhe? Vile vya 1896 vya dakika 38?

Mkunazini Asilia
Hahaa. Vya Hitla.

Bint Shangani
Hapo kwenye "ya Mfalme" umenena. Sayyid Khalifa katawala tokea 1911 mpaka 1960, lakini hata angebadilisha gari kila mwezi asingefikia idadi ya "gari zake" nilizowahi kuonyeshwa.

Mzaliwa Jang'ombe
Sisi tunayo nyumbani mpaka leo. Morris ya 1938, injini ya cc 918, ya babu mzaa mama. Ina vile vikono vya kuchomoza ubavuni badala ya indiketa. Anayetaka kuiona aje na adabu zake.

Fundi Mpanga Plagi
Jang'ombe, taa zake ziko wapi?

Mzaliwa Jang'ombe
Mbele. Ulitaka ziwe wapi?

Fundi Mpanga Plagi
Mbele wapi? Zimesimama peke yake, zimezama kwenye madigadi, au ziko chini pembeni ya grili?

Mzaliwa Jang'ombe
Chini, ubavuni mwa grili.

Fundi Mpanga Plagi
Basi pole. Hiyo ni Morris Minor ya mwanzo mwanzo, imeanza 1948, Hitla keshazikwa. Injini 918 ya valvu za ubavuni walikuwa nayo kwenye Morris Eight tokea 1935, na vita vilipokwisha wakaichukua hiyohiyo wakaitia kwenye Minor. Kwa hiyo injini peke yake haikwambii kitu. Vikono navyo havikwambii, Minor za 1960 bado zinavyo. Hata Eight zenyewe, ile Series E wameitengeneza 1938 hadi 1948, utaikuta moja ya kabla na nyengine ya baada, sura ileile. Pale ndipo unapotafuta namba ya chesis na kadi ya gari kama mchwa hawajaila.

Mzaliwa Jang'ombe
Babu yangu hakuwa muongo.

Bint Shangani
Hakuna aliyesema muongo. Kasema 1948.

Mzaliwa Jang'ombe
Ni kitu kimoja.

YakheOle
Kwetu Pemba kulikuwa na mzee jirani, akihadithia kwamba gari za Ford za zamani zikifika kwenye mlima mkali zinageuzwa, zinapanda kinyumenyume. Ukishuka huku unaona kichwa cha dereva kinakuja kwa kisogo.

Kibandamaiti Mjini
Wapemba kwa hadithi! Kwanza milima ipi hiyo, vile vituta vya Ole?

YakheOle
Wewe umewahi kupanda baiskeli Pemba na gunia la karafuu nyuma? Basi nyamaza.

Fundi Mpanga Plagi
Mzee wa watu kasema kweli. Hiyo ni Model T, ya 1908 hadi 1927. Tangi liko chini ya kiti cha mbele na pampu ya petroli hakuna, mafuta yanateremka wenyewe kwenda kwenye kabureta. Ukiinua pua juu sana na tangi halijajaa, mafuta hayafiki, gari inazima. Ukiigeuza, tangi linakuwa juu ya injini. Tena rivasi yake ina nguvu kuliko gia ya kwanza. Na pedali zake tatu zingekuchanganya: ya kulia breki, ya kati rivasi, ya kushoto ndiyo gia. Moto unautia kwa mkono, kijiti kiko kwenye stelingi. Mpe kijana wa leo aiendeshe Darajani tuone.

Kibandamaiti Mjini
Sawa, nimekubali. Ila vituta ni vituta.

Mtoto wa Wete
Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini mmenitonesha. Babu yetu alikuwa na Ford. Aliinunua kuukuu, akiendea mashamba ya karafuu. Sie tumezaliwa tumeikuta juu ya matofali bandani, imefunikwa majamvi. Haitembei, lakini kila ikikaribia Iddi bibi anatuamrisha tuifute na mafuta ya nazi, chuma chote, mpaka spoki moja moja. Kifuniko cha petroli kiko nje, mbele ya kioo cha dereva. Tukikifungua tukitia kijiti kuona kama kuna kitu.

Bibi alipofariki ikaja habari ya mirathi. Ami zangu wawili hawapikiki chungu kimoja. Mmoja anasema gari aliahidiwa na babu kwa mdomo, mwengine anasema hakuna shahidi. Mie niko Unguja kwenye kazi, naambiwa "subiri, tutakaa kikao".

Siku hiyo nimekwenda kwa boti, nashuka Mkoani. Pale bandarini kuna lori la vyuma chakavu linasubiri meli. Juu kabisa, juu ya mabati na majokofu, limelala ganda la radieta. Nimelijua kwa tobo lake, mie mwenyewe ndiye niliyelitoboa kwa msumari utotoni, na bakora zake sijazisahau. Nikaliparamia lori. Chesis imekatwa kwa gesi. Injini imepigwa nyundo ikapasuliwa, nzima hawaiwezi kuinyanyua. Spoki zimekunjwa kama tambi, zile tulizokuwa tukizipaka mafuta.

Dereva ananiambia "kijana shuka, mali imeshapimwa". Nikamwambia nipimie na mimi. Nimenunua ganda la radieta na stelingi kwa kilo, bei ya bati bovu, mbele ya abiria wote, machozi yananitoka. Ami aliyeuza hajui kuwa ninavyo. Akija kwangu navifunika.

Bint Shangani
Ya Rabi. Pole sana.

Mkunazini Asilia
Nimesoma nimeshindwa kuendelea na chai.

Ukweli Mchungu
Ami yako kauza mali ya mirathi kabla haijagawiwa. Haijuzu. Mpeleke kwa Kadhi.

Kibandamaiti Mjini
Amshitaki ami yake kwa ajili ya skrepa?

Ukweli Mchungu
Skrepa kwako wewe. Mali ni mali, hata sufuria inagawiwa.

YakheOle
Huyo si wa Kadhi, huyo wa kusomewa.

Bint Shangani
Msimfundishe mtu kukata undugu humu. Wete, muite ami yako, mpe kahawa, muonyeshe stelingi. Usiseme neno.

Ukweli Mchungu
Akiiona ataiuza tena.

Fundi Mpanga Plagi
Turudi kwenye gari. Kifuniko cha petroli mbele ya kioo na spoki za chuma, hiyo ni Model A, 1928 hadi 1931. Ringi za inchi 21 ni za 1928 na 1929, za inchi 19 ni za 1930 na 1931. Unakumbuka namba ya injini, upande wa kushoto?

Mtoto wa Wete
Namba sikumbuki. Zilianza herufi C na A. Tukidhani ni za babu, maana anaitwa Chumu Ali.

Fundi Mpanga Plagi
Hahaa! Hiyo ya Kanada. Ford ya Kanada ndiyo iliyokuwa ikizileta koloni za Mwingereza, stelingi kulia.

Kibandamaiti Mjini
Mimi ya ami ni Ford V8 ya 1932, bodi hamna.

YakheOle
Ukisema V8 mtaani watu wanajua waziri anapita.

Kibandamaiti Mjini
Injini imeganda. Nifanyeje?

Ukweli Mchungu
Mimina dizeli kwenye matobo ya plagi, iache mwezi.

Bint Shangani
Marehemu baba alikuwa akitumia mafuta ya taa na ya nazi.

Fundi Mpanga Plagi
Ya nazi yataganda na baridi ya Julai. Dizeli sawa, lakini asije mtu akaivuta kwa lori kuiamsha, mtavunja pistoni. Izungushe kwa hendeli kidogo kidogo.

Mzaliwa Jang'ombe
Fundi, nimetazama kadi. Imeandikwa 1950. Ila si lazima wote wajue.

Mtoto wa Wete
Jirani yangu Chake anayo ringi moja ya spoki, inchi 21, anataka kunipa. Nani anajua pahala pa kupata mpira wake? Dar wananiambia nichukue wa trekta.

YakheOle
Chukua wa trekta.