Semina, barua za mtego au zana: kipi hubadilisha tabia za watu kazini?

FunguoTatu
Heshima kwenu wakuu. Nimekabidhiwa usalama wa kompyuta kwenye ofisi ya watu kama sitini, na bosi anataka mpango mmoja, si kumi. Nina vitatu mezani. Semina ya saa tatu mara moja kwa mwaka, kila mtu anasaini mwishoni. Au barua pepe za mtego: tunawatumia wafanyakazi ulaghai wa kuigiza, tunaona nani atabofya. Au fungu lote liende kwenye zana, yaani programu ya kutunza nywila kwa kila mtu na uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, kisha kitu cha pili kama namba ya SMS) kwenye kila akaunti. Mimi naegemea mitego, maana inatoa takwimu za kumwonyesha bosi. Waliopita njia hii wanasemaje?

SevaMzee
Semina weka pembeni. Nimeziendesha miaka mingi, watu wanasaini huku wanachati. Wiki moja baada ya semina niliyodhani imefana, nilikuta nywila ya mfumo wa mishahara imebandikwa chini ya kibodi. Mwandiko ulikuwa wa yule aliyekaa mbele akiuliza maswali mazuri kuliko wote.

Chukua zana. Google waliwapa wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 funguo za usalama, vile vidude vya kuchomeka kwenye USB, na mwaka 2018 wakasema tangu waanze kuvitumia hawajapata taarifa ya akaunti ya kazi kutekwa. Siri yake ni kwamba ufunguo unakagua wenyewe anwani ya tovuti. Ukurasa bandia hata ufanane vipi na wa kweli, haupewi kitu. Jicho la mtu aliyechoka saa kumi jioni haliwezi hilo.

Na usisahau nywila zibadilishwe kila siku 90, ziwe na herufi kubwa, tarakimu na alama.

BintiHesabu
Mimi si mtu wa TEHAMA, ni mhasibu. Hizo barua za mtego mnanitumia mimi, basi niwaambie zinavyofika huku.

Ofisi moja niliyofanyia kazi walituma barua kuhusu marupurupu. Nikabofya, nani asingebofya? Jina langu likasomwa kwenye kikao, watu wakacheka, nikacheka nao. Miezi kadhaa baadaye nikafungua ankara iliyokuja kwa barua pepe, faili likagoma, skrini ikapepesa mara mbili. Nikajua kabisa kuna jambo. Nikazima kompyuta, nikaenda nyumbani, nikanyamaza mpaka kesho yake mchana. Sikuwa tayari kusomwa tena.

Hiyo takwimu, FunguoTatu, haitatokea kwenye jedwali lako.

FunguoTatu
Dada, hapo umenigusa. Na majina yasipotajwa?

BintiHesabu
Itasaidia. Ila chagua chambo kwa utu. Mshahara wa mtu na ugonjwa wa mwanawe si vya kuchezea, hata kama wezi wa kweli wanavichezea.

KaguaKwanza
Simulizi ya BintiHesabu inaonyesha mnapima kitu kisicho sahihi. Msihesabu waliobofya. Mshambuliaji anahitaji mmoja tu, hivyo ukiwashusha kutoka ishirini hadi wawili bado mlango uko wazi. Hesabuni waliotoa taarifa, na zimepita dakika ngapi. Akitokea mmoja wa kupiga simu ndani ya dakika tano, unaifuta barua ile kwenye visanduku vya wenzake kabla hawajaifungua, na aliyebofya unambadilishia nywila kabla mwizi hajaingia. BintiHesabu alimpa mwizi usiku mzima, na kosa hilo ni la waliomcheka.

SevaMzee, kwenye funguo nakuunga mkono. Kwenye siku 90 hapana, mkuu. Ukimlazimisha mtu kubadilisha kila mara, ya Januari inakuwa Januari1! na ya Aprili Aprili4!. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017 unasema usimbadilishie mtu nywila kwa kufuata kalenda, subiri dalili kwamba imevuja. Hata Bill Burr, aliyeandika kanuni zao za awali za nywila mwaka 2003, alikiri mwaka huohuo wa 2017 kwamba anajutia mengi ya aliyoshauri.

SevaMzee
Nimekubali kwa shingo upande. Ile karatasi chini ya kibodi huenda niliizaa mimi.

KaguaKwanza
Huenda! Tena aina za hatua mbili hazilingani kwa nguvu. Namba ya SMS inaweza kuporwa mwizi akihamisha laini yako. Ile ya kugusa "Kubali" kwenye simu nayo ina udhaifu wake. Septemba 2022 aliyeivamia Uber alikuwa na nywila ya mkandarasi, akajaribu kuingia tena na tena, maombi yakawa yanamiminika kwenye simu ya mwenyewe mpaka akakubali moja. Kama funguo hazitoshi kwa wote, waanze wahasibu na wasimamizi wa mifumo, wengine watumie programu inayodai uandike tarakimu unazoziona kwenye skrini.

Mtazamaji09
Na masasisho ya programu je? Kwetu kila mtu anabonyeza "nikumbushe kesho".

SevaMzee
Hilo usimwachie mtu. WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilisambaa Mei 2017, na kiraka cha Microsoft, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetoka Machi. Weka yajisakinishe usiku. Na skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika chache. Anayependa mazoea mazuri abonyeze kitufe cha Windows na L akiinuka.

FunguoTatu
Basi naanza na programu ya nywila na funguo, mitego itafuata baadaye bila majina. Semina nitaifanya fupi, dakika ishirini kwa kila idara, nionyeshe tu jinsi ya kutoa taarifa. BintiHesabu, ni nini kingekufanya upige simu siku ile?

BintiHesabu
Namba ya simu iliyobandikwa mahali ninapoiona, na mtu wa upande wa pili ambaye neno lake la kwanza ni asante. Fomu nisingejaza. Halafu mkurugenzi asajili ufunguo wake wa kwanza kabisa, mbele yetu. Wa kwetu aliomba asamehewe, eti ana shughuli nyingi.

SevaMzee
Wote huomba.