Tuko wanne, wawili wana simu tu: RuneScape, Albion, Guild Wars 2 au Final Fantasy?

Mfua_Chuma (Kampala)
Habari za jioni wakuu. Tuko marafiki wanne: mmoja Arua, mmoja Busia, wawili hapa Kampala. Tunatafuta gemu moja ya majoka na uchawi ambayo sote tutaingia jioni tucheze pamoja. Wawili wana kompyuta za kawaida, zile za kuandikia ripoti, wawili wana simu tu. Pesa ya kulipa kila mwezi haipo kwa sasa. Nimesoma sifa za Old School RuneScape, Albion Online, Guild Wars 2 na Final Fantasy XIV mpaka kichwa kinaniuma, na karibu kila anayesifu anaishi Ulaya au Marekani. Nataka neno la mtu anayecheza akiwa hapa, kwa bando la hapa.

Runi_ya_Nile (Jinja)
Kabla hujaangalia uzuri wa picha, uliza seva inahesabu muda vipi. Old School RuneScape inakwenda kwa tiki. Kila sekunde 0.6 seva inakusanya amri za wachezaji wote na kuzitekeleza kwa mkupuo. Kutoka Jinja hadi dunia (yaani seva) za Uingereza, pingi yangu, muda wa amri kwenda na jibu kurudi, huzunguka milisekunde 170 hivi, na mtandao ukichoka inapita 200. Kwa hiyo amri yangu inafika ndani ya tiki ileile, ikichelewa sana ni tiki inayofuata. Mtu aliyekaa London na mimi niliyekaa hapa tunalipiga joka moja karibu sawasawa, na usawa huo hutaupata kwenye gemu nyingi. Matatizo huanza kwa mabosi wakubwa, ambako watu huwasha na kuzima sala, yaani nguvu za kinga ndani ya gemu, kila tiki. Hapo mtandao ukipepesa kidogo, umekufa. Ila huko hamfiki mwaka huu, kwa hiyo msijisumbue.

Halafu ni nyepesi. Jagex, kampuni yenye gemu, waliifungua Februari 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya Agosti 2007, baada ya wachezaji wengi kulalamika kwamba ile mpya imeharibiwa. Sura yake ni ya zamani kweli, lakini kompyuta ya ripoti inaibeba bila kulia. Kwenye simu ipo tangu Oktoba 2018, akaunti ileile na dunia zilezile. Umeme ukikatika unachukua simu na kuendelea ulipoishia.

Nyekundu_Nyeusi (Mbarara)
Runi anawaficha kitu. RuneScape ni kukata miti. Ukimaliza miti unavua samaki, ukimaliza samaki unachimba madini. Kutoka levo ya kwanza hadi 99, nusu ya pointi unazipata ukifika 92! Muulizeni kama nadanganya.

Mimi nasema Albion. Ni bure tangu Aprili 2019 na kwenye simu ipo tangu Juni 2021, na si toleo lililokatwa miguu, ni ulimwengu uleule. Huchagui kazi ya maisha. Ukivaa joho na kushika fimbo ya moto wewe ni mchawi, kesho ukivaa chuma wewe ni askari wa mbele. Silaha na nguo karibu zote unazoziona sokoni zimefuliwa na mchezaji mwenzako, kwa madini aliyochimba mtu mwingine, yakasafirishwa na mwingine tena akiwa roho mkononi. Kwa jina lako hilo, Mfua_Chuma, hapa ndipo nyumbani. Hata uanachama wa kulipia unaweza kuununua kwa fedha ya ndani ya gemu ukiwa mchapakazi.

Seva ya Ulaya ilifunguliwa Aprili 2024. Zamani wengi wetu tulikuwa kwenye ile ya Amerika, ukibonyeza pigo unasubiri kama uko foleni ya benki. Sasa inachezeka.

Dada_Mponyaji (Kampala)
Banange, mbona hukuwaambia habari ya kuporwa? Kwenye maeneo ya bluu na manjano uko salama. Ukiingia nyekundu au nyeusi ukauawa, vyote ulivyovaa na ulivyobeba vinabaki chini, aliyekuua anaokota, na vingine vinaharibika kabisa. Kundi la watu kumi linakusubiri mlangoni, wewe uko peke yako na ng'ombe wako wa mizigo, na bando linakaribia kuisha. Wengine wanaona hapo ndipo utamu ulipo. Mimi nikirudi kutoka kazini sitaki utamu wa namna hiyo.

Nyekundu_Nyeusi (Mbarara)
Sheria ya kwanza tunayomfundisha kila mgeni: usivae usichoweza kupoteza. Dada, ulivaa nini siku hiyo?

Dada_Mponyaji (Kampala)
Hayakuhusu, ssebo.

Turudi kwenye swali. Mimi nacheza Final Fantasy XIV, na kwa hadithi na muziki sijaona ya kuifikia. Ile ya kwanza, ya 2010, ilikuwa mbovu kiasi kwamba wenyewe waliifunga, wakaijenga upya na kuirudisha Agosti 2013. Jaribio lake la bure halina kikomo cha muda: unacheza hadi levo ya 70, na ndani yake kuna gemu ya msingi pamoja na nyongeza (sehemu mpya zilizotoka baadaye) mbili nzima. Ni miezi mingi ya kucheza bila kutoa senti. Pigo la kawaida huchukua sekunde 2.5 kabla ya lingine, kwa hiyo mponyaji wa Kampala anaponya vizuri tu. Tatizo langu ni miduara ya hatari inayochorwa chini: kwenye skrini yangu nimeshatoka, seva inasema bado nimo.

Ila kwa kundi lenu sishauri. Gemu hii yenyewe haichezwi kwenye simu, inataka zaidi ya GB 100 za nafasi, na mchezaji wa bure hawezi kujiunga na chama cha wachezaji wala kuuza sokoni. Mtakuwa wanne katika mji mmoja, kila mtu na hadithi yake.

Mzee_wa_Mpakani (Busia)
Vijana, mnahesabu pingi na VPN mmeiacha imewashwa. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, kila simu ina VPN, na watu husahau kuizima. Unaingia kwenye gemu ukipitia Kanada halafu unalaumu seva. Izimeni kwanza. Tena gemu nyingine zikiona leo uko Kampala na kesho uko Toronto, zinafunga akaunti zikidhani imeibiwa.

Jeti_ya_Tyria (Entebbe)
Naona Guild Wars 2 imepitwa kimyakimya, basi niseme lake. Gemu ya msingi ni bure tangu Agosti 2015, na nyongeza unanunua mara moja tu, hakuna malipo ya mwezi. Kubwa kwangu ni hili: levo ya mwisho ni 80 tangu ilipotoka 2012, haijawahi kupandishwa. Silaha bora niliyoitengeneza zamani ni bora mpaka leo. Nikikaa miezi bila kucheza kwa sababu ya kazi au ada za watoto, narudi nikiwa sijaachwa nyuma. World of Warcraft haikupi hiyo. Kila nyongeza ikitoka vifaa vyako vinageuka chuma chakavu, na hapo umelipa karibu dola 15 kila mwezi. Huko kwa bure unafika levo ya 20 tu.

Ubaya wake kwa huku ni kukwepa. Mapigano ni ya kuruka pembeni kwa wakati, na kwa pingi yetu unajifunza kuruka kabla hujaona pigo. Nimezoea, lakini mgeni atakasirika. Na haipo kwenye simu, kwa hiyo marafiki wako wawili watabaki nje.

Mfua_Chuma (Kampala)
Nashukuru sana. Kwa hiyo simu zimebakisha RuneScape na Albion. Kula bando kukoje? Tangu ile kodi ya asilimia 12 ya data ya Julai 2021 mimi nahesabu kila megabaiti.

Runi_ya_Nile (Jinja)
Kucheza kwenyewe hakuli sana, zote mbili. Kinachomaliza bando ni kupakua mwanzoni na masasisho. RuneScape ni ndogo. Albion ni GB kadhaa, na sasisho kubwa likija linakuja kweli. Pakueni usiku kwa bando la usiku, na mzime masasisho ya kujiendesha kwenye simu.

Sasa Mfua_Chuma, kuna kitu hakuna aliyekutajia. Tangu Oktoba 2021 RuneScape ina namna ya kucheza iitwayo Group Ironman, kundi la watu wawili hadi watano. Mnakatazwa kufanya biashara na mtu yeyote wa nje. Soko kuu hamligusi, zawadi za wageni hampokei. Mnapeana ninyi kwa ninyi tu, na mna ghala la pamoja. Wa Arua akivua samaki, wa Busia anapika, wewe unafua panga, wa nne analipeleka kwa zimwi. Hapo kukata miti anakokucheka bwana wa Mbarara kunakuwa na maana, kwa sababu kuna mtu anayesubiri hizo mbao.

Nyekundu_Nyeusi (Mbarara)
Hilo nakubali ni zuri. Lakini sehemu kubwa ya ramani imefungwa kwa asiyelipa, sema na hilo.

Runi_ya_Nile (Jinja)
Kweli. Uanachama ni karibu dola 14 kwa mwezi, yaani shilingi elfu hamsini hivi. Kuna hati iitwayo bondi, unainunua kwa dhahabu ya ndani ukapata siku 14 za uanachama, ila kwa mgeni bei yake ni mlima. Chezeni bure kwanza. Mkiona bado mnapendana baada ya mwezi, mchangishane.

Mfua_Chuma (Kampala)
Wenzangu wamesoma hapa, wamekubali Group Ironman. Tunaanza Jumamosi saa mbili usiku. Kuna la kujua kabla?

Runi_ya_Nile (Jinja)
Undeni kundi pale mwanzoni kabisa, mkitoka tu kisiwa cha mafunzo, kabla hamjafika Lumbridge, mji wa kuanzia. Wote mchague dunia moja ya bure ya Uingereza. Kila mtu aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti siku hiyohiyo, na barua pepe asiyotumia ovyo.

Mzee_wa_Mpakani (Busia)
Na mkipita mji wa Varrock mkamkuta mtu anapiga kelele kwamba ukimpa dhahabu atakurudishia mara mbili, mpiteni. Yuko hapo miaka yote.