Naomba ushauri: malengelenge ya mdomo yanayorudi kila jua likikaza

Wakuu, salaam. Naulizia malengelenge ya mdomoni, haya ya virusi vya hepesi. Virusi vyenyewe havitoki mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu mpaka viamshwe na homa, uchovu, hedhi au jua, na jua la Dar la Januari mnalijua.

Mdomo ukianza tu kuchonyota, kabla lengelenge halijatoka, ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi dakika 5 hadi 10, kisha krimu ya asiklova (dawa ya kuzuia virusi) mara 5 kwa siku, siku 5. Kidonda kikishafunguka, krimu haifanyi cha maana. Mafuta ya mgando huzuia gamba kupasuka, ila yachotwe kwa pamba, si kidole kilekile kinachorudi koponi. Limao na dawa ya meno huunguza ngozi tu. Na kichanga habusiwi kabisa, asije akaambukizwa.

Sasa, kwa anayeshinda juani Kariakoo, mafuta gani ya midomo yenye SPF 30 (kiwango cha kukinga jua) hayayeyuki kufika saa sita? Na malengelenge yakirudi zaidi ya mara 6 kwa mwaka, kuna aliyeandikiwa vidonge vya asiklova vya kila siku? Figo zilipimwa kwanza, maana ndizo zinazoitoa dawa hiyo mwilini?