Nitajuaje kama mwili wangu ni wa alfajiri au wa usiku?

Swali (Kisumu): Wakuu, mtu anayefungua duka Kibuye saa kumi na mbili asubuhi atajuaje saa halisi za mwili wake, na hesabu azipange lini?

Jibu 1: Pima ukiwa likizo, ndugu. Siku tatu za kwanza usizihesabu, hapo bado unalipa deni la usingizi. Kisha wiki nzima lala usingizi unapokuja, amka bila kengele, andika saa zote mbili. Tafuta katikati: ukilala saa tano usiku na kuamka saa moja asubuhi, katikati ni saa tisa usiku, yaani mtu wa wastani. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, wewe bundi, yaani mtu wa usiku.

Jibu 2: Na chai ya jioni isimdanganye! Kafeini hupungua nusu kwa saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi na moja jioni, nusu yake bado iko mwilini saa nne usiku. Wengi hujiita bundi kumbe ni majani ya chai.

Jibu 3: Hesabu zifanywe saa mbili tatu baada ya kuamka. Uzito wa usingizi wa saa nane mchana ni wa kawaida hata bila ugali. Wakati huo panga rafu. Bundi asirudishe muda wa kulala nyuma kwa saa mbili nzima kwa mkupuo, atageukageuka tu kitandani. Dakika 15 kila baada ya siku mbili tatu zatosha. Kisumu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo likitoka, asimame nje ya duka dakika 20. Taa ya dukani haitoshi kurudisha saa ya mwili nyuma.