Eti gari nzima, mikono yangu ndo inacheza! Fundi wa chini ya mwarobaini, leo SIKUBALI

Mzee_Matikiti:
Wakuu, naandika huku grisi bado iko shavuni. Yule fundi mnamjua. Msijifanye hamumjui. Nusu ya pikapu za Mbagala zimepita mikononi mwake, nusu iliyobaki iko mtaroni.

Hilux yangu ya 1994, fowili, inavuta tairi zote nne, usukani umelegea mwezi wa pili huu. Nazungusha weee ndo tairi linapata taarifa. Rangi Tatu mpaka Mtongani naendesha kama nasonga ugali wa msiba: ikienda kulia naingia njia ya mwendokasi, nikiirudisha kushoto naokota bodaboda. Matikiti yakifika soko la Stereo yana kizunguzungu.

Nimemlipa alaimenti, ile ya kunyoosha tairi, mara tatu. TATU. Elfu 30 kila mara. Ikaja boljointi nne, vile viungo vya duara vya tairi za mbele, za juu na za chini, kulia na kushoto, laki na themanini. Halafu akachukua bisibisi akakaza ile skrubu ya juu ya stelingi boksi, lile boksi la gia za usukani, "hapo mzee umemaliza." Nimemaliza kweli, maana sasa nikikata kona usukani haurudi, naurudisha mwenyewe kama mkokoteni uliozama mchangani.

Leo nikarudi. Nikamwambia kwa adabu kabisa, fundi, bado inatangatanga. Akaingia, gari hata hajawasha, akashika usukani kwa vidole viwili, akatikisa mara mbili, akashuka. Mbele ya watu. Mbele ya mama ntilie. Mbele ya yule dogo wake ambaye juzi tu spana namba 12 na 14 alikuwa hazitofautishi. Akasema: "Mzee, gari nzima. Mikono yako ndo inacheza."

MIKONO YANGU. Miaka 22 barabarani! Mama ntilie kacheka mpaka wali umeungua. Dogo kacheka akiwa chini ya gari la mtu, nikasikia paji limegonga ekzosi, na bado akaendelea kucheka. Vidole viwili jamani! Hata embe sokoni hulibonyezi kwa vidole viwili ukajua limeiva.

Karanga_Moto:
"Mikono yako ndo inacheza" 😂😂 nimo kwenye daladala, konda ananiuliza kuna nini

Binti_Kizuiani:
Shikamoo mzee wa mikono. Kwani anakosea? Wiki jana kuna pikapu ya matikiti nusura initoe kwenye kibaraza changu.

Mzee_Matikiti:
Marahaba. Siyo mimi. Na kama ni mimi, ni usukani.

Kibao_cha_Njano:
Tuwe wakweli. Unajaza matikiti mpaka bampa la nyuma linabusu lami, mbele kunakuwa kwepesi, tairi hazikanyagi sawasawa. Hapo hata gari mpya itatangatanga. Upepo wa tairi umepima lini?

Mzee_Matikiti:
Ikiwa tupu pia inatangatanga. Na upepo siyo uliosema mikono yangu inacheza.

Bolti_Kumi_na_Saba:
Mkuu, swali moja. Mbele ina springi bapa kama za nyuma, au koili?

Mzee_Matikiti:
Bapa. Ngumu kama kitanda cha gesti. Inahusu nini na mikono?

Bolti_Kumi_na_Saba:
Inahusu laki na themanini zako. Fowili yenye springi bapa mbele ina ekseli moja ndefu, tairi inakata kona kwa kuzungukia beringi za kingipini, zile pini za juu na chini. Haina boljointi za juu na chini. Hizo nne kakufungia wapi?

Karanga_Moto:
NIMESHUKA KITUO SIYO CHANGU 😭

Binti_Kizuiani:
Zimefungwa kwenye paa la nyumba ya fundi.

Bolti_Kumi_na_Saba:
Na skrubu ya boksi haikazwi kwa hasira. Ukizidisha, usukani unashika katikati, ndo maana haurudi. Alegeze kwanza. Halafu injini iwake, tairi zikiwa chini, mtu atikise usukani kushoto kulia kidogo kidogo, wewe lala uvunguni uangalie vyuma vinavyotoka kwenye boksi mpaka kwenye tairi: pitimani, dragilinki, tairodi. Kiungo ambacho upande mmoja unatikisika na wa pili umetulia, huyo ndo mwizi wako. Angalia na bolti za boksi pale kwenye chesisi, boksi lenyewe likihema ni bolti zimelegea au chesisi ina ufa. Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi za habu, za katikati ya tairi, ukibaki ni kingipini. Alaimenti ni mwisho wa yote. Kuifanya wakati viungo vimelegea ni kumnyoa mtu anayetikisa kichwa.

Mzee_Matikiti:
Asante mkuu. Hayo ya boljointi tuyaache kwanza, nina presha. Lakini alisema MIKONO. Kwa vidole VIWILI.

Shemeji_wa_Tandika:
Mzee una bahati, wako kakutukana tu. Fundi sofa wangu kachukua advansi tangu Ramadhani. Nikimpigia anasema kitambaa kiko bandarini. Nimekwenda kwake, watoto wake wamekaa kwenye sofa yangu wanakula mihogo.

Binti_Kizuiani:
Bora umeliona sofa. Mimi fundi nguo kanishonea gauni la sendoff likapita kichwani likagoma mabegani. Akaniambia "dada umenenepa jana usiku."

Kibao_cha_Njano:
Huyo ni wa pale karibu na msikiti? Suruali yangu mguu mmoja ni wa shule.

Shemeji_wa_Tandika:
Ndo huyohuyo! Wana undugu na wa sofa.

Mzee_Matikiti:
Jamani turudi kwenye mikono.

Binti_Kizuiani:
Mzee subiri kidogo. Kibao, ulirudishiwa hela?

Kibao_cha_Njano:
Alinipa kofia.

Karanga_Moto:
Mzee, hayo matikiti bei gani? Huku nilikoshukia kimakosa ni Stereo kabisa.

Mzee_Matikiti:
Makubwa elfu 4. Nipo upande wa mageti mpaka saa 12. Ukiona pikapu imeegeshwa upande, ndo mimi.