Tupeane uzoefu: mlijuaje mtoto wenu ana muziki ndani yake?

Mama wa Umoja
Wazazi wenzangu, jioni ya leo nilikuwa stejini pale Mutindwa, hapa Nairobi, nangoja matatu. Wakapita watoto wa shule wakipuliza zile filimbi za plastiki, kila mmoja na wimbo wake, makelele matupu. Lakini wa mwisho alikuwa anapuliza sawasawa, kichwa chini, hana habari na wenzake. Machozi yakanilenga palepale.

Wangu alianza hivyo hivyo, gredi ya nne. Mwalimu aliagiza filimbi, nikanunua, ploti nzima ikanilalamikia. Siku ya tatu nikasikia ile midundo ya kufungulia taarifa ya habari redioni. Nikajua ni redio. Kuchungulia, ni yeye, amekaa juu ya ndoo, na wala hakuna aliyemfundisha.

Sasa ana miaka 13 na anapiga fidla. Juzi alifanya mtihani wa ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, gredi ya 4 yao, akapata alama 128 kati ya 150. Ukifika 130 unaingia daraja la juu kabisa. Yeye alilia kwa zile alama mbili, mimi nikacheza jikoni mpaka mwiko ukaniponyoka. Nyinyi mlijuaje wenu? Na mnawalea vipi hawa watoto?

Chapo Moto
Hiyo filimbi, dada! Umenikumbusha mbali.

Mwanakwaya
Hongera sana. Wangu nilimjua kwa kukosoa. Alikuwa na miaka sita, tuko kanisani, ananivuta sketi: "Mama, yule anaimba chini." Nikamfinya anyamaze. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya akasema wazi kwamba besi walikuwa wameshuka. Nilimwomba mtoto radhi njiani.

Seremala wa Light Industries
Mimi nitasema ukweli hata kama mtanichukia. Kipaji ni sawa, apige Jumapili, watu wafurahi. Lakini siku za wiki asome hesabu. Nimewaona wapiga gitaa wazuri mno hapa Kariobangi, wengine walishika vyombo kabla mimi sijazaliwa, na leo wanaomba nauli.

Mwalimu Mstaafu
Seremala, nakuheshimu, ila hayo ni ya zamani. Sasa mtoto akifika gredi ya 10 anaweza kuchukua mkondo wa sanaa na michezo, na muziki umo humo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinatoa shahada ya muziki. Mimi nimepeleka kwaya za shule kwenye tamasha za muziki miaka mingi. Nimeona mtoto asiyeweza kusoma aya moja darasani akisoma solfa, zile do-re-mi, ukutani, sauti zote nne, bila kukwama. Huyo utamwambia hana akili?

Seremala wa Light Industries
Sijasema hana akili. Nimeuliza atakula nini.

Mwalimu Mstaafu
Na aliyesomea biashara na bado anatafuta kazi, yeye anakula nini?

Baba Orutu
Kabla hamjapigana, mbona hapa ni fidla na kinanda tu? Kijana wangu anapiga orutu, fidla yetu Waluo. Uzi mmoja, na mtu mzima analia. Babu yake alikuwa wa nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga nayo mbao kama ngoma huku mikono inacheza. Kijana akipiga hapa Kayole, majirani wanauliza kama kuna matanga. Angeshika fidla wangesema ni msomi.

Mama wa Umoja
Baba Orutu, karibu kabisa, sijabagua. Mwalimu wa wangu mwenyewe huwaambia watoto wasikilize orutu wajue upinde unavyotakiwa kuongea.

Baba Orutu
Huyo mwalimu nimempenda.

Kijana wa Koch
Naandika upande wa mtoto. Mimi nilipitia Ghetto Classics, ile programu ya kufundisha watoto muziki iliyoanza 2008 hapa Korogocho. Nilipewa saksafoni. Tukifanya mazoezi, ng'ambo kule jalala la Dandora linafuka, unavuta pumzi ndefu na moshi unaingia nayo. Mamangu hajui noti hata moja. Lakini kila nikirudi alikuwa akiniuliza, "Leo mmepiga ile inayopanda au ile inayoshuka?" Nikimwambia inayopanda, ananiongezea mboga. Wazazi, ulizeni tu. Si lazima muelewe.

Chapo Moto
Inayopanda! Nimeipenda hiyo.

Fundi Magari, Kayole
Sikutaka kuandika. Nimesoma nikafunga simu, nikafungua tena.

Binti yangu alikuwa na kinanda cha funguo 61, alichonunuliwa na shangazi yake kule mjini, barabara ya Luthuli. Nilijivuna kwa huyo mtoto mpaka wenzangu wa gereji wakachoka. Mteja akileta gari, kabla sijafungua boneti nishamsikilizisha rekodi kwenye simu. Mikono ina grisi, nabonyeza kwa kiwiko. Nilikuwa nasema, "Huyu ni wangu, ana miaka kumi tu."

Januari ya mwaka juzi kazi ilikauka. Kodi ya miezi miwili. Keateka, yule msimamizi wa ploti, akaja akaweka kufuli yake mlangoni, tukaomba, akafungua, akatupa siku tatu. Siku ya pili mtoto akiwa shule nilikifunga kinanda kwa shuka nikapanda nacho matatu, nikalipia viti viwili. Nilirudi Luthuli ileile. Mwenye duka akabonyeza hapa na pale, akasema elfu nane. Sikubishana. Ufunguo wa chini kabisa, ule wa mwisho kushoto, binti alikuwa ameubandika stika, ua dogo la njano. Nilitaka kuibandua nimrudishie angalau hiyo. Ukucha haukuingia. Ikaenda na kinanda.

Aliporudi hakuuliza. Alitazama pale ukutani. Miguu ya stendi ilikuwa imeacha alama mbili kwenye saruji. Akavua viatu, akatoa daftari. Ningeshukuru kama angelia.

Usiku ule tunangoja ugali uive, nikaviona vidole vyake mezani vinakwenda. Mkono wa kushoto taratibu, wa kulia unakimbia, dole gumba linapita chini ya vidole vingine kama alivyofundishwa. Sauti hakuna. Mama yake akaleta sinia, mtoto akasogeza mikono kumpisha, akaendelea kupiga kwenye mapaja yake. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka chakula kikapoa.

Aliendelea hivyo miezi minne. Mezani, dirishani kwenye matatu, mgongoni kwa mdogo wake akimbembeleza. Baadaye mzee mmoja wa kanisa akamwona, akampa ruhusa ya kutumia kinanda cha kanisa, saa kumi na moja hadi kumi na mbili jioni. Mimi ndiye humpeleka. Hukaa benchi la nyuma na nguo zangu za kazi. Amekuwa mzuri kuliko zamani, nasema mbele ya Mungu.

Lakini sijawahi kumwambia pole kwa kile nilichofanya. Kila nikifungua mdomo, anaanza kupiga. Ana miaka 12 sasa. Nimwambie, au nimwache asahau?

Mwanakwaya
Nimelia ofisini. Hajasahau, baba. Mwambie leo.

Mzee wa Makongeni
Ndugu yangu, mzazi haombwi hesabu na mtoto. Ulimpa paa juu ya kichwa. Nyamaza, fanya kazi, nunua kingine.

Binti wa Pili
Mzee, shikamoo, lakini hapana. Babangu aliuza baiskeli yangu nikiwa darasa la saba na hakusema neno. Nina miaka 34. Mpaka leo akinipigia simu nafikiria ile baiskeli kabla sijasema hello.

Mzee wa Makongeni
Marahaba. Na alikulipia karo?

Binti wa Pili
Alilipa yote, na namshukuru. Baiskeli bado naikumbuka.

Seremala wa Light Industries
Fundi, mimi ndiye nimesema mambo ya hesabu hapo juu. Hayo weka kando. Ukipata kinanda kisicho na stendi nitafute, stendi nitakuchongea mimi, mbao ninazo.

Mwalimu Mstaafu
Usimnunulie haraka kwa sababu ya aibu. Mwambie kwanza. Halafu mkichagua, mchague naye. Akianza kufanya mitihani ya juu atahitaji funguo 88 zenye uzito, 61 zitambana.

Chapo Moto
Mimi nasema anza na stika ya ua la njano. Zinauzwa shilingi kumi.

Kijana wa Koch
Chapo Moto, hilo si la kucheka hata kidogo. Mnunulie hiyo stika.

Mama wa Pacha
Samahani, narudi nyuma. Wangu ana miaka tisa anataka fidla. Nimeambiwa zina saizi. Nitajuaje?

Mama wa Umoja
Mwambie anyooshe mkono wa kushoto. Pima kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja, nenda na hicho kipimo kwa mwalimu. Kuna robo, nusu, robo tatu, na nzima. Usinunue kubwa ati atakua nayo, si sweta ya shule. Bei zinatofautiana sana, na bora ukodi kwanza. Usiiache juani wala karibu na jiko, gundi inaachia. Na nunua ulimbo wa kupaka upinde. Utaona unga mweupe kwenye nguo zake zote nyeusi, usimgombeze. Mimi siku hizi nikiuona ule unga begani mwake natamani nisiupanguse.

Wangu aliwahi kuisahau fidla kwenye matatu, barabara ya Outering, na si yetu, ni ya kuazimwa. Nilikimbia stejini na ndara moja. Makanga alikuwa ameipakata kama mtoto, akaniambia, "Mathe, niliogopa kuiweka chini." Yule kijana namwombea mpaka leo.

Baba Orutu
Mama wa Pacha, au mletee orutu. Haina saizi.

Mama wa Pacha
Nitawaza! Nina pacha, mmoja achukue kila kimoja.

Mzee wa Makongeni
Fundi yuko wapi? Tangu jana kimya.

Fundi Magari, Kayole
Nipo. Nimesoma yote, asanteni. Mzee, nimekusikia, ila nilishindwa kunyamaza.

Jana tumetoka kanisani, tunatembea, giza limeingia. Nikamwambia kile kinanda niliuza mimi, na siku ile nilitaka kumrudishia lile ua nikashindwa kulibandua. Alinyamaza mpaka tukapita kibanda cha samaki. Akasema alijua ni kodi, aliiona ile kufuli mlangoni asubuhi akienda shule. Akanishika mkono, jambo ambalo ameacha tangu aingie gredi ya sita.

Halafu akaniuliza niliuza bei gani. Nikamwambia elfu nane.

Akasema, "Baba, walikupunja."