Nyumba ya kaunsili ya zamani: tuvike kuta au tung'oe boila?

MamaZuhra: Habari za jioni jamani. Niko Uingereza, nyumba ya kaunsili (yaani ya kupanga kwa serikali ya mtaa), matofali ya enzi za mababu. Wapangaji tumeletewa njia tatu tuchague: kuvika kuta kwa nje (kuzibandikia tabaka la kuzuia baridi), kuvika kwa ndani, au kung'oa boila ya gesi inayopasha maji ya redieta, waweke pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje. Chumba cha mtoto ukungu umejaa nyuma ya kabati. Naufuta Jumamosi, Jumamosi ya pili umerudi. Kazi inalipiwa na kaunsili, bili ya gesi na umeme nalipa mimi.

FundiKombo: Dada, kwanza toka nje utazame matofali. Yakiwa yote yamelala kwa ubavu mrefu, huenda ukuta una mwanya katikati. Hapo kuna njia ya nne, nafuu kuliko zote: wanatoboa matundu, wanapuliza sufi ya madini, jioni wamemaliza. Ukiona vichwa vifupi vinapishana na mbavu ndefu, ukuta ni mzima, hauna pa kupulizia.

MamaZuhra: Nimetoka na tochi, jirani ananichungulia dirishani 😂 Vifupi na virefu vinapishana.

FundiKombo: Basi vikeni nje. Kwa ndani chumba kinapungua, redieta na soketi zinahamishwa, na sakafu inapokutana na ukuta baridi bado inapenya. Pampu isubiri. Uniti 1 ya umeme inakupa kama 3 za joto, sawa, ila umeme huku unauzwa zaidi ya mara tatu ya gesi. Faida iko wapi? Tena maji inayopeleka kwenye redieta kwa kawaida si ya moto kama ya boila, kwa hiyo nyumba inayovujisha joto huenda isipate joto la kutosha.

Asha_Bordeaux: Huku Bordeaux, Ufaransa, mtaa wa Grand Parc, walikuja na lao. Majengo matatu ya miaka ya 1960, nyumba 530, wakayabandikia vyumba vya vioo vyenye kina cha mita 3.8 mbele ya sebule. Wapangaji hawakuhamishwa. Kazi ya wasanifu majengo Lacaton, Vassal na wenzao, ikapata tuzo ya usanifu ya Ulaya, ya Mies van der Rohe, 2019. Ila hayo ni maghorofa, mama, na nafasi ya nje ilikuwepo.

Juma_K: Kuvika nje? Mmesahau Grenfell, lile ghorofa la London lililoungua? Watu 72 walikufa, Juni 2017.

FundiKombo: Hatujasahau, kaka. Pale paneli zilikuwa bati mbili za alumini, katikati plastiki. Ndiyo maana usikubali neno "vazi la ukuta" tupu, dai jina la kitu chenyewe. Sufi ya mawe haiwaki. Na feni za jikoni na bafuni zimo? Ukishaziba nyumba, mvuke wa wali na nguo mnazoanika kwenye redieta hauna pa kutokea. Ukungu utahamia pembeni mwa dirisha.

MamaZuhra: Nimepekua karatasi yao ukurasa kwa ukurasa. Feni haimo. Mkutano ni Alhamisi, naanza na hilo.